Njia za Masomo ya Kilimo kwa Vijana wa Sekondari

Mwezi wa Januari mwaka 2026 vijana wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, yaani mwanzo wa sekondari ya juu. Kabla ya kuingia iliwapasa kuchagua mmoja katika mikondo mitatu: mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ambao wengi huuita STEM, mkondo wa sayansi za jamii, na mkondo wa sanaa na michezo. Mzazi mwenye mtoto apendaye shamba na mifugo huuliza kilimo kimewekwa wapi. Kimewekwa katika mkondo wa STEM, karibu na Kompyuta na Sayansikimu. Jambo hili huwashangaza watu wengine, kwa kuwa walidhani ya kuwa Kilimo ni somo la wale walioshindwa na hesabu.

Dharau hiyo ina asili yake. Kwa miaka mingi, katika shule nyingi, mwanafunzi aliyechelewa au aliyefanya utundu alipewa jembe akalime shamba la shule. Mtoto aliyefundishwa hivyo ya kuwa jembe ni adhabu, si ajabu akilikimbia atakapokuwa mtu mzima. Tena mafunzo ya juu ya kilimo hayakuwa wazi kwa kila mtu. Shule ya kilimo ya Egerton, huko Njoro, ilianzishwa mwaka 1939 na Lord Maurice Egerton kwa ajili ya vijana wa Kizungu waliotaka kuwa wakulima. Mwaka 1950 ikawa chuo cha stashahada, na mwaka 1987 ikawa chuo kikuu kwa sheria ya Bunge. Siku hizi mtoto wa kibarua na mtoto wa mwenye shamba huketi huko katika darasa moja, mradi wote wawili wamefikia alama zitakiwazo.

Na hapo kwenye alama ndipo vijana wengi wanapopotea. Mwanafunzi aweza kufanya vema sana katika somo la Kilimo, na hata hivyo akakosa nafasi ya kusomea shahada ya kilimo. Vyuo vikuu, vinapochagua wanafunzi wa masomo hayo, hutazama sana Bayolojia na Kemia, kisha Hisabati. Somo la Kilimo humsaidia mwanafunzi, lakini haliwezi kushika mahali pa Kemia. Aliyeiacha Kemia kwa kuiogopa amejifungia mlango mwenyewe, na mara nyingi hatalijua jambo hilo mpaka siku ya kutafuta chuo.

Watu huuliza mkulima ana haja gani na Kemia. Yafaa jambo hili lielezwe, maana si ukaidi wa walimu. Katika sehemu nyingi za magharibi ya Kenya udongo una asidi nyingi. Mkulima akitia mbolea ya DAP msimu baada ya msimu, asidi yaweza kuzidi, na mahindi yakadumaa ijapokuwa mbolea imetiwa ya kutosha. Yeye huona ya kuwa mbolea ni mbaya, au ya kuwa amelaghaiwa dukani, kumbe fosfati aliyoinunua kwa fedha zake imeshikwa na udongo, mizizi haiwezi kuifikia. Dawa yake ni chokaa ya kilimo, nayo hutiwa kwa kipimo baada ya udongo kupimwa. Bwana shamba asiyejua Kemia hawezi kumweleza mkulima huyo sababu. Atamwambia tu aongeze mbolea, na hasara itaongezeka. Vivyo hivyo kwa dawa za josho na dawa za kuua wadudu: ikiwa hafifu mno kupe hawafi, tena huzoea, ikiwa kali mno humdhuru ng'ombe na yule anayemwosha.

Basi kijana wa Gredi ya 9 anayeelekea kuchagua ayatazame masomo yake kwa uangalifu. Katika sekondari ya chini Kilimo ni somo la lazima, kila mtoto hulisoma. Katika sekondari ya juu mambo hubadilika. Kila mwanafunzi husoma Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara, Hisabati, na mafunzo ya kuitumikia jamii. Zaidi ya hayo huchagua masomo matatu tu. Matatu ni machache. Anayetaka shahada ya kilimo au udaktari wa mifugo hatakosea akichukua Kilimo, Bayolojia na Kemia. Yule ambaye moyo wake uko kwenye matrekta, mabwawa na mifereji ya maji anahitaji Fizikia, hata kama itambidi kuliacha somo la Kilimo lenyewe. Uhandisi wa kilimo huanzia kwenye Fizikia na Hisabati. Tena si kila shule ina mchanganyiko wa masomo anaoutaka mtoto. Jina kubwa la shule halitamfaa kitu ikiwa masomo yake matatu hayafundishwi humo, na shule ya karibu isiyo na sifa nyingi yaweza kuwa ndiyo iliyo nayo.

Wale walio bado katika mfumo wa 8-4-4 wamekwisha kuchagua, na watahiniwa wao wa mwisho watafanya mtihani wa KCSE mwaka 2027. Kwao swali ni alama. Anayepata wastani wa C+ au zaidi aweza kuomba shahada kwa njia ya KUCCPS, ile bodi inayowapangia wanafunzi nafasi vyuoni. Egerton ni mojawapo. Chuo Kikuu cha Nairobi hufundisha kilimo na udaktari wa mifugo huko Kabete. Na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja. Shahada ya kilimo ni ya miaka minne, ya udaktari wa mifugo na ya uhandisi ni mitano. Yako pia masomo ya uchumi wa kilimo, ya chakula na uhifadhi wake, na ya mboga, maua na matunda, ambayo wazazi wengi hawajapata kuyasikia.

Aliyepata C- aweza kusomea stashahada, na aliyepata D aweza kusomea cheti. Hapa inafaa kukaa kidogo, kwa kuwa nyumba nyingi huona alama ya D kuwa mwisho wa safari, na kijana huachwa akae tu. Katika kilimo sivyo ilivyo. Mwenye cheti akifaulu huweza kupanda hadi stashahada, na kutoka stashahada wako wanaoendelea hadi shahada. Safari ni ndefu, miaka yake ni mingi na karo hulipwa kila hatua, hilo lisifichwe. Lakini anayeipitia hufika akiwa amekwisha kushika kazi kwa mikono, jambo ambalo aliyetoka moja kwa moja darasani hadi chuo kikuu mara nyingi hulikosa. Chuo cha Kilimo cha Bukura, katika Kaunti ya Kakamega, kinajulikana sana kwa mafunzo ya namna hii. Kwa afya ya mifugo viko vyuo vya AHITI huko Kabete, Ndomba na Nyahururu. Kwa kazi ya maziwa kiko chuo cha Naivasha, ambako kijana hufundishwa jinsi maziwa yanavyopokewa, kupimwa na kugeuzwa kuwa siagi, jibini na maziwa ya mgando.

Mwanafunzi wa Kilimo katika KCSE hufanya pia kazi ya shamba inayohesabiwa katika mtihani. Hupewa maagizo, akalima zao au akafuga mnyama, akaandika kila alichofanya. Wako wanaoipuuza kazi hiyo, wakaajiri mtu wa kupalilia, kisha wakajaza daftari usiku mmoja. Hao wamejinyima sehemu iliyo bora ya somo. Kijana aliyeandika kwa kweli siku alipopanda, fedha alizotoa kwa mbegu, siku wadudu walipoingia na gunia alizovuna, amejua jambo ambalo wakulima wengi wenye mvi hawalijui: kama shamba lake limempa faida au limemla.

Kabla ya karo kulipwa mzazi anapaswa kuuliza mambo mawili. La kwanza ni kama chuo kimesajiliwa. Vyuo vya ufundi husajiliwa na halmashauri ya TVETA, na mtu yeyote aweza kuuliza jina la chuo humo. La pili lawahusu wanaotaka kutibu mifugo. Kwa sheria ya mwaka 2011, daktari wa mifugo na msaidizi wake hawawezi kufanya kazi hiyo bila kuandikishwa na Bodi ya Mifugo, ambayo kwa Kiingereza huitwa Kenya Veterinary Board. Chuo kisichokubaliwa na bodi hiyo kitampa kijana karatasi, lakini hakitampa ruhusa ya kumchoma ng'ombe sindano. Mzazi aliyeuza fahali ili kulipa karo ya chuo cha namna hiyo hatarudishiwa fahali wake. Kwa asiye na uwezo, HELB hutoa mikopo kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na wa vyuo vya ufundi pia. Maombi hufanywa na mwanafunzi mwenyewe, na mkopo hulipwa baada ya masomo.

Kwa kijana asiyetaka chuo bali ana shamba la nyumbani, viko vituo vya mafunzo ya wakulima, kama Waruhiu katika Kaunti ya Kiambu na Wambugu katika Kaunti ya Nyeri. Mafunzo yake ni mafupi, juu ya kuku, ng'ombe wa maziwa, mboga na mengineyo. Ofisi ya kilimo ya wadi huweza kumweleza kituo kilicho karibu naye.