Haki ya Mtu Aumiaye Kazini

Katika karakana za samani za Keko, jijini Dar es Salaam, seremala huusukuma ubao kwenye msumeno wa umeme tangu asubuhi hata magharibi, na baina ya kidole chake na meno ya chuma hapana kizuizi ila hadhari yake na rehema ya Mola. Aghalabu siku hupita salama. Lakini hutokea msumeno ukakwama kwenye fundo la mti, mkono ukateleza, na mtu aliyetoka kwake na vidole kumi akarejea na vinane, hali mke, watoto na kodi ya chumba vyamngoja. Ni nani atakayeilisha nyumba ile? Swali hili lampasa kila mwajiri alijibu kabla afa haijafika.

Kwa miaka mingi jawabu la Tanzania Bara lilikuwa dhaifu, maana sheria iliyorithiwa kutoka zama za ukoloni iliweka fidia kwa viwango vya shilingi visivyobadilika, na kadiri thamani ya fedha ilivyoshuka ndivyo haki ya majeruhi ilivyobaki jina tu. Ndipo ikatungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, na chini yake ukaundwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kupokea michango Julai 2015. Mfuko huu haumtaki majeruhi athibitishe kosa la bwana wake. Lamtosha kuonyesha kwamba aliumia au aliugua kwa sababu ya kazi.

Kujisajili ni faradhi ya kila mwajiri, awe na kampuni kubwa au karakana ya mafundi wawili. Hufanywa kwa njia ya mtandao au katika ofisi za Mfuko, kwa kutoa hati ya usajili wa biashara, namba ya mlipakodi, na orodha ya wafanyakazi pamoja na mishahara yao. Baada ya hapo mwajiri hutoa mchango kila mwezi. Sekta binafsi ilianza kwa asilimia 1 ya mishahara yote, ikashushwa hadi 0.6, na tangu Julai 2022 hutoa 0.5, sawasawa na sekta ya umma. Basi mwenye mafundi watano, kila mmoja akipokea shilingi 400,000, hulipa shilingi 10,000 tu kwa mwezi, nazo ni juu yake peke yake. Si halali kumkata fundi hata senti moja.

Katika makaratasi yote hayo, lililo zito kupita yote ni ile orodha. Fundi akilazwa asiweze kufanya kazi kwa muda, malipo yake huwa asilimia 70 ya mshahara, yaani shilingi 280,000 kwa huyu wa 400,000. Mwajiri aandikaye 200,000 ili apunguze mchango huokoa shilingi 1,000 kwa mwezi, na kwa shilingi elfu hiyo humpunguzia majeruhi 140,000 kila mwezi wa ugonjwa wake. Hiyo ni dhuluma, hata ikifanywa kwa kalamu na bila ghadhabu.

Ajali ikitokea, mfanyakazi amwarifu mwajiri wake bila kukawia, na mwajiri aupashe Mfuko habari ndani ya siku 7. Mfuko hugharimia matibabu na utengamao. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo mmoja, na uliozidi hapo hulipwa pensheni ya kila mwezi. Na akifariki mtu, wategemezi wake hupata malipo pamoja na msaada wa mazishi. Kwa njia hiyo mwajiri mwenyewe huepushwa na gharama ambayo ingeweza kuifunga karakana yake kwa siku moja.

Mfanyakazi naye asinyamaze akidhani kuuliza ni utovu wa adabu. Amwendee mwajiri wake kwa heshima, aulize kama karakana imesajiliwa, kama jina lake limo katika orodha, na ni mshahara gani ulioandikwa mbele ya jina hilo. Na aulize sasa, angali ana afya, kwa sababu majibu ya maswali hayo hurekebishika kwa wepesi kabla ya ajali, na kwa taabu kubwa baada yake.