Kusikiliza Kabla ya Kuhukumu: Namna ya Kushughulikia Malalamiko ya Utovu wa Nidhamu

Kila taasisi ya elimu, tangu shule ya msingi hadi chuo kikuu, hukabiliwa na jambo moja: mtu kumlalamikia mwenzake kwamba ametenda kosa. Mwanafunzi humshtaki mwanafunzi kwa wizi. Mwalimu humshtaki mwanafunzi kwa kumtukana. Mzazi humshtaki mwalimu kwa kumpiga mtoto kupita kiasi. Walimu wengi waanzao kazi hudhani kwamba ugumu wa jambo hili umo katika kuchagua adhabu. Sivyo. Ugumu umo katika hatua zinazoitangulia adhabu, yaani kulipokea lalamiko, kulichunguza, na kumsikiliza mshtakiwa. Hatua hizo zikiharibika, uamuzi nao huharibika, hata kama mshtakiwa alitenda kosa kweli.

Makala hii inakusudia kueleza kanuni zinazotawala hatua hizo. Tutaanza na shauri moja la kale la chuo kikuu, kwa kuwa linazidhihirisha kanuni hizo waziwazi. Baadaye tutaona jinsi zinavyomhusu mwalimu wa shule ya msingi katika Tanzania Bara.

1. Shauri la Dakta Bentley

Mwaka 1717 Mfalme George wa Kwanza wa Uingereza alikizuru Chuo Kikuu cha Cambridge. Kwa heshima ya ziara hiyo, watu kadhaa walitunukiwa shahada ya udaktari wa theolojia. Richard Bentley, aliyekuwa profesa wa theolojia na pia mkuu wa Trinity College, mojawapo ya vyuo vilivyomo katika Chuo Kikuu hicho, aliwataka madaktari hao wapya wamlipe ada ya sarafu 4 za dhahabu, zaidi ya malipo ya desturi. Mmoja wao, Conyers Middleton, alilipa shingo upande, kisha akadai fedha zake mbele ya baraza la Makamu wa Mkuu wa Chuo Kikuu.

Bentley alikuwa msomi mashuhuri, lakini alikuwa pia mtu mkaidi. Alipofikishiwa hati ya kumwita, alilikejeli baraza na kusema kwamba halikuwa na mamlaka juu yake. Habari hizo zilipomfikia Makamu, Bentley alisimamishwa, na mnamo Oktoba 1718 akanyang'anywa shahada zake zote. Hakuitwa kwanza ili ajibu tuhuma hiyo ya kulidharau baraza.

Bentley alilipeleka shauri lake katika Mahakama ya Mfalme. Mahakama iliamuru arudishiwe shahada zake, na alirudishiwa mnamo Machi 1724, baada ya kupita zaidi ya miaka 5. Mwanachuo na azingatie vema sababu za uamuzi huo. Mahakama haikusema kwamba Bentley alikuwa mtu mwema au kwamba maneno yake yalifaa. Iliona makosa mawili upande wa Chuo Kikuu. Kwanza, mshtakiwa alihukumiwa bila kusikilizwa. Pili, adhabu ilizidi mamlaka ya walioitoa. Kosa la kulidharau baraza lilikuwa na adhabu zake, na kumvua mtu shahada hakukuwa miongoni mwa hizo. Jaji mmojawapo, Fortescue, alikumbusha kwamba sheria ya kumsikiliza mtu ni ya kale mno, kwani hata Mwenyezi Mungu hakumhukumu Adamu kabla ya kumwita na kumwuliza.

Basi Chuo Kikuu, ambacho huenda kingeshinda kwa urahisi kama kingefuata utaratibu, kilishindwa kwa sababu ya haraka. Hilo ndilo fundisho kubwa la shauri hili. Utaratibu wa haki haumlindi mshtakiwa peke yake. Humlinda pia mlalamikaji, ambaye lalamiko lake la kweli laweza kupotea kwa uzembe wa wachunguzi. Tena huilinda taasisi yenyewe, ambayo uamuzi wake hauna budi kusimama hata ukikatiwa rufani.

2. Kanuni mbili kuu

Kanuni ya kwanza ni kwamba asihukumiwe mtu asiyesikilizwa. Kusikilizwa si kuulizwa tu, "Una la kusema?" huku adhabu imekwisha kuamuliwa. Mtu amesikilizwa pale anapoelezwa waziwazi anashtakiwa kwa kosa gani, anapojulishwa ushahidi uliopo, anapopewa nafasi ya kujibu, na jibu lake linapopimwa kwa makini.

Kanuni ya pili ni kwamba mtu asiwe hakimu katika shauri linalomhusu mwenyewe. Wahenga walikwisha kusema: kesi ya ngedere, hakimu nyani. Huko Cambridge, Makamu ambaye baraza lake lilidharauliwa ndiye aliyemsimamisha mshtakiwa. Kadhalika mwalimu aliyetukanwa na mwanafunzi hafai kuwa yeye yule mchunguzi, mwamuzi na mwadhibu. Alipeleke shauri kwa mwalimu mkuu au mwalimu wa nidhamu, naye abaki kuwa shahidi.

Kanuni hizi si mali ya Waingereza peke yao, wala si za mahakamani tu. Ibara ya 13 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, kama ilivyorekebishwa mwaka 1984, inampa kila mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu wakati haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni kuyatoa maoni yake na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake. Hivyo mwanafunzi wa Darasa la Pili anayo haki ile ile aliyonyimwa profesa wa Cambridge.

3. Hatua za kufuata

Tuchukue mfano wa kubuni. Msichana wa Darasa la Tano anarudi kutoka mapumzikoni na kukuta shilingi 2,000 zake hazimo mkobani. Wenzake wanamtaja mvulana mmoja. Wanatoa sababu mbili: alionekana akinunua maandazi, na mwaka uliopita aliwahi kuiba kalamu.

(a) Kulipokea lalamiko. Mwalimu amsikilize msichana kwa utulivu, mbali na wenzake, na aandike maneno yake: kiasi gani kimepotea, fedha zilionekana mara ya mwisho saa ngapi, na nani walibaki darasani. Asimwahidi kwamba mwizi atapatikana, wala asimlaumu kwa kuja na fedha shuleni. Mlalamikaji akilaumiwa leo, kesho hatakuja, hata likimpata kubwa zaidi.

(b) Kuchunguza. Mwalimu awahoji mashahidi mmoja mmoja, kwani wakihojiwa pamoja husemeana. Atenge mambo matatu: aliyoyaona shahidi kwa macho yake, aliyoyasikia kwa wengine, na anayoyadhani. Watu husema, "Lisemwalo lipo." Methali hiyo yafaa barazani, lakini katika uchunguzi uvumi si ushahidi. Katika mfano wetu, kununua maandazi hakuthibitishi wizi mpaka ijulikane fedha hizo zilitoka wapi. Wala kosa la mwaka uliopita halithibitishi kosa la leo. Likithibitika kosa la leo, ndipo lile la zamani laweza kufikiriwa katika kuchagua adhabu. Kulitumia kabla ya hapo ni kumfunga mtoto kwa kamba ya jina lake.

(c) Kumsikiliza mshtakiwa. Mvulana aitwe faraghani, si mbele ya darasa. Aelezwe kwa lugha nyepesi ni jambo gani linalochunguzwa. Maswali yawe ya wazi. Swali "Wakati wa mapumziko ulikuwa wapi?" huleta habari, swali "Kwa nini ulichukua fedha za mwenzako?" huleta woga tu, na mtoto mwoga huweza kukiri jambo asilolitenda ili aachwe aende zake. Kukiri kulikopatikana kwa vitisho au kwa fimbo hakuna thamani yoyote. Akisema kwamba fedha za maandazi alipewa na shangazi yake, mwalimu hana budi kumwuliza shangazi huyo kabla ya kuamua.

(d) Kuamua. Mwamuzi ajiulize: Je, ushahidi nilio nao wanitosha kumweleza mzazi wa mtoto huyu, ana kwa ana, kwa nini nimemwona ana kosa? Ikiwa hautoshi, aseme wazi kwamba kosa halikuthibitika, na darasa lielezwe kwamba mwenzao asisumbuliwe kwa jambo hilo. Kubaki na shauri ambalo halikupata jibu ni afadhali kuliko kumtangaza mwizi mtoto asiyeiba. Wako watoto walioacha shule kwa kuwa waliitwa wezi mara moja, na hakuna aliyerudi kulisafisha jina lao.

(e) Kuweka kumbukumbu. Tarehe, lalamiko, majina ya waliohojiwa, majibu ya mshtakiwa, uamuzi na sababu zake viandikwe na kuhifadhiwa mahali pa siri. Kisha pande zote mbili zijulishwe matokeo, pamoja na nafasi ya kukata rufani kwa mwalimu mkuu au kwa kamati ya shule.

4. Mamlaka ya kuadhibu

Kosa la pili la Cambridge lilikuwa kutoa adhabu isiyo ndani ya mamlaka. Kosa hilo hutendeka shuleni mara nyingi kuliko tunavyopenda kukiri. Kanuni za mwaka 2002 kuhusu adhabu ya viboko, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya mwaka 1978, zilimpa mamlaka mwalimu mkuu, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi. Ziliweka mpaka wa viboko 4, ziliitenga adhabu hiyo kwa makosa makubwa, na zilitaka kila adhabu iandikwe katika kitabu maalumu. Kwa hiyo mwalimu wa darasa anayeshika fimbo mara tu asikiapo lalamiko amerudia makosa yote mawili kwa pigo moja: amehukumu bila kusikiliza, na ameadhibu bila mamlaka.

5. Mshtakiwa anapokuwa mwalimu

Hapa ndipo uaminifu wa shule hupimwa. Mwanafunzi anapomlalamikia mwalimu, walimu wenzake huvutwa na undugu wa kazi, na aghalabu hutamani jambo "limalizwe nyumbani". Mwanachuo na ajue tangu sasa kwamba kumaliza jambo kwa siri si kulichunguza. Nidhamu ya walimu wa shule za umma ina chombo chake, yaani Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2015, na mwalimu mshtakiwa naye ana haki kamili ya kujitetea mbele ya chombo hicho.

Lalamiko likihusu kudhalilishwa au kuumizwa kwa mtoto, mwalimu asijaribu kuchunguza mwenyewe. Asimkutanishe mtoto na mshtakiwa, asimhoji tena na tena, wala asikubali wazazi walipwe ili wanyamaze. Kazi yake ni kumsikiliza mtoto mara moja kwa upole, kuandika aliyoyasema kwa maneno yake mwenyewe, kuhakikisha kwamba hakutani tena na mtuhumiwa peke yake, na kutoa taarifa bila kukawia kwa ofisi ya ustawi wa jamii na kwa polisi. Sheria ya Mtoto inamwajibisha mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa kuifikisha taarifa hiyo kwa mamlaka ya serikali ya mitaa. Mwalimu hakuondolewa katika wajibu huo.

6. Hitimisho

Watoto hujifunza maana ya haki shuleni kabla hawajasoma neno hilo katika somo la uraia. Huitazama jinsi mwalimu anavyolipokea lalamiko la mtoto dhaifu, na jinsi anavyomsikiliza mtoto ambaye wote wamekwisha kumchukia. Ni rahisi kumsikiliza mtoto mpole. Utaratibu uliwekwa kwa ajili ya yule mkaidi, mfano wa Bentley, ambaye kila mtu ana hakika kwamba amekosa.

Maswali ya majadiliano

1. Katika mfano wa Darasa la Tano, ni ushahidi gani mwingine ungeutafuta kabla ya kumwita mvulana aliyetajwa?
2. Mwalimu mkuu mwenyewe ndiye aliyetukanwa na mwanafunzi. Pendekeza nani alichunguze shauri hilo, na utoe sababu.
3. Tunga maswali matano ya wazi yanayofaa kumhoji mtoto wa miaka 8 anayetuhumiwa kumpiga mwenzake.