Walio Nje ya Mstari (2): Wapangaji wa Geel

Kila siku bwana yule alikuwa akivisokota vifungo vya shati lake mpaka vikang'oka vyote. Usiku mama mwenye nyumba alichukua sindano akavishona upya. Ellen Baxter, Mmarekani aliyekwenda kuishi Geel, Ubelgiji, katika miaka ya 1970, alimwonea mama huruma, akamshauri atumie uzi wa kuvulia samaki, usiokatika upesi. Mama akakataa katakata: mgeni wake anahitaji kuving'oa, kwa hiyo lazima vifungo viwepo.

Mama huyo hakuwa muuguzi. Huenda hata jina la ugonjwa hakulijua, maana kwa desturi ya Geel familia inayompokea mgonjwa wa akili haiambiwi daktari ameandika nini. Mgonjwa huitwa mpangaji, basi.

Mambo yalianzia kanisani. Masimulizi yanasema Dymphna, binti wa mfalme huko Ireland, alimkimbia baba yake aliyerukwa na akili kwa kufiwa na mkewe, hata akataka kumwoa binti yake mwenyewe. Baba akamfuata mpaka Geel, akamuua. Dymphna akawa mwombezi wa wenye maradhi ya akili. Katika Zama za Kati mahujaji walimiminika, chumba cha wagonjwa ubavuni mwa kanisa kikafurika, ikabidi wengine walazwe kwa wakulima. Waliokuja kwa novena, yaani sala za siku 9, wakabaki miaka.

Tusiwapambe mno wenyeji. Mkulima alipata mtu wa kumsaidia shambani, na malipo kidogo juu yake. Wapo pia wagonjwa waliotiwa minyororo. Serikali ilishika usimamizi mwaka 1850, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 wapangaji walizidi 3,500. Mchoraji Vincent van Gogh nusura awe mmoja wao: mwaka 1880 baba yake alitaka kumpeleka huko.

Kwa nini mtu baki afaulu pale ndugu anaposhindwa? Ndugu anamkumbuka mgonjwa alivyokuwa kabla hajaugua, na kila asubuhi anamlinganisha na yule wa zamani. Mwenyeji wa Geel hana wa kumlinganisha naye. Amempokea alivyo, vifungo na yote.

Leo wapangaji wamepungua sana, kwani mashamba ni machache na akina mama wengi wako kazini.

Afrika nayo ilikuwa na jaribio lake. Mwaka 1954 Dk. Thomas Adeoye Lambo alianza kuwapangisha wagonjwa wake katika vijiji vya wakulima jirani na hospitali ya Aro, Abeokuta, Nigeria. Kila mgonjwa alikuja na ndugu wa kumpikia na kumfulia, wakaenda hospitali kwa matibabu na kurudi kijijini. Lambo aliwashirikisha pia waganga wa jadi, jambo lililowakera baadhi ya madaktari wenzake. Wanakijiji nao hawakutoka mikono mitupu: hospitali iliwakopesha fedha za kuongeza vyumba, ikawavutia maji ya bomba.

Itaendelea