Injini iliyofanyiwa ovahoo inapokula oili: Pima kabla ya kuifungua tena

Oktoba 2024 mji wa Arusha ulijaa Land Rover za kila umri zilizokuja kwenye tamasha la magari hayo. Wengi waliofika kutazama walipiga picha magari ya zamani na kurudi nyumbani. Kwetu Mang'ola, wilayani Karatu, tunakolima vitunguu, gari la aina hiyo bado lipo kazini. Ndilo linalopandisha magunia kutoka bonde la Ziwa Eyasi kwenda sokoni.

Letu ni 109 Series III, toleo lililotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, lenye injini ya petroli ya cc 2,286. Tulilifanyia ovahoo: silinda zikachongwa, zikawekwa pistoni na ringi mpya. Miezi miwili baadaye lilikuwa linakula lita 1 ya oili kila kilomita 400. Fundi wa kwanza alisema injini ni mpya, iachwe ijizoeze. Wa pili alitaka ifunguliwe yote upya. Mavuno yalikuwa yamebakiza wiki tatu. Kila fundi alikuwa na hoja, lakini hakuna aliyekuwa amepima.

Anza na daftari

Simamisha gari mahali tambarare, asubuhi kabla ya kuliwasha. Jaza oili hadi alama ya juu ya kijiti na uandike kilomita. Ukishatembea kilomita 500, jaza tena kwa chombo chenye vipimo, uandike ulichoongeza. Usipitishe alama ya juu. Oili ikizidi, krankshafti huichapa na kuirusha, na injini huitoa kwa njia ya moshi au kwenye sili. Hakikisha pia kijiti ni cha injini hiyo hiyo, maana kwenye magari ya zamani vijiti hubadilishwa ovyo.

Kwa kulinganisha, vitabu vya magari mengi ya Toyota hutaja kikomo cha lita 1 kwa kilomita 1,000. Letu lilikuwa linakula lita 2.5 kwa umbali huo. Hapo palikuwa na ugonjwa.

Inavuja au inaungua?

Oili ina njia mbili tu za kupotea: kuvuja nje au kuungua ndani. Tandika boksi lililofunguliwa chini ya injini usiku kucha. Angalia hasa mahali injini inapokutana na giaboksi, na pembeni mwa kifuniko cha valvu. Tone moja moja wakati gari limesimama linaweza kuwa mchirizi wakati linatembea.

Boksi likibaki kavu na injini nayo ni kavu kwa nje, tazama moshi. Moshi wa buluu ni oili. Mweusi ni petroli iliyozidi. Mweupe unaopotea haraka asubuhi ya baridi ni mvuke tu.

Muda ambao moshi wa buluu unatokea ndio unaokuonyesha mkosaji. Ukitoka mfululizo gari likiwa na mzigo na linapanda mlima, shuku ringi au silinda. Ukitoka kwa wingi unapowasha gari lililolala, au unapokanyaga mafuta baada ya kushuka mteremko mrefu kwa gia, shuku sili za valvu na vijibomba vinavyoongoza valvu, ambavyo mafundi huviita gaidi. Wakati wa kushuka, injini hunyonya kwa nguvu na kuivuta oili ipite hapo.

Barabara yetu ilitupa jibu. Likiwa na magunia likipanda, gari halikutoa moshi wa kutisha. Likirudi tupu, mwisho wa mteremko lilitoa wingu la buluu.

Thibitisha kwa kompresheni

Hata hivyo, usihukumu kwa moshi peke yake. Mwombe fundi apime kompresheni ya kila silinda, kisha atie kijiko kikubwa cha oili kwenye silinda iliyo dhaifu na kupima tena. Kipimo kikipanda sana, ringi hazizibi vizuri. Kisipobadilika, shida inaweza kuwa kwenye valvu au gasketi. Kwetu silinda zote nne zilikaribiana na zilikuwa na nguvu. Kwa hiyo ringi hazikuwa na kosa.

Kagua pia bomba la kupumulia injini. Likiziba, presha husukuma oili nje. Chujio la hewa la Land Rover hizi hutumia oili. Ukilijaza kupita kiasi, oili yake hunyonywa na kutoa moshi, ingawa ile ya sampu haijapungua. Mpira wa hewa uliopasuka ni hatari zaidi, maana vumbi linaloingia hapo husaga ringi mpya kwa muda mfupi.

Fundi wa kwanza naye hakukosea kabisa. Ringi mpya huhitaji kilomita za mwanzo ili zikae. Lakini hukaa kwa kazi ya wastani, si kwa kuiacha injini iungurume saa nzima gari likiwa limesimama.

Piga hesabu

Tuseme lita ya oili ni Sh10,000 na gari linatembea kilomita 1,600 kwa mwezi. Kwa ulaji wetu ni lita 4, yaani Sh40,000 kwa mwezi na Sh120,000 kwa msimu wa miezi mitatu. Linganisha na gharama ya ovahoo ya pili, kisha ongeza kodi ya gari la kukodi wakati lako limelala. Mara nyingi ni nafuu kuongeza oili hadi mavuno yaishe, mradi uangalie kijiti kila asubuhi. Sampu ya injini hii hubeba takriban lita 6 tu, na ikikauka utanunua krankshafti.

Sisi tulifungua silinda hedi pekee. Gaidi zilikuwa zile za zamani, zimelegea. Hazikuguswa wakati wa ovahoo. Zilibadilishwa pamoja na sili kwa siku mbili, na vitunguu vikalikuta gari tayari. Tulipopima tena, lita 1 ilitosha kilomita 1,600.

Unapokubaliana na fundi kuhusu ovahoo, basi, andikeni ni vifaa gani vitabadilishwa, gaidi na sili zikiwemo. Mwambie pia akurudishie vile vya zamani uvione.