Ziwa Edward: Jaketi livaliwe kabla ya mtumbwi kuondoka

BUTEMBO – Jaketi la kuokoa maisha lililofichwa chini ya mizigo halimwokoi mtu. Hilo ni onyo kwa wanaosafiri kwa mitumbwi ya injini kwenye ziwa Edward, kuanzia Kyavinyonge, wilayani Beni, hadi Vitshumbi, wilayani Rutshuru.

Oktoba 3, 2024, boti iliyotoka Minova ilizama kwenye ziwa Kivu ikikaribia bandari ya Kituku, mjini Goma, na watu waliokuwa ufukweni wakiona. Makumi ya watu walikufa. Miaka 5 kabla ya hapo, baada ya ajali ya Aprili 2019 upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jaketi.

Agizo bila mazoezi halitoshi. Meli ya watalii Costa Concordia ilipopata ajali nchini Italia mwaka 2012, watu 32 walikufa. Tangu 2015, abiria wa meli za aina hiyo hufundishwa kabla ya safari au mara tu inapoanza.

Kwenye mtumbwi, somo hilo ni la dakika chache: vaa ukiwa bado nchi kavu, funga mikanda yote na uikaze. Likivutwa mabegani likapanda hadi masikioni, limelegea. Mtoto apewe la kimo chake. Jaketi likikosekana, abiria aulize kabla ya kulipa nauli.