Kabla ya kununua kitalu nyumba, kata shina la mnyanya

Mtu akinipigia kuulizia kitalu nyumba kidogo cha uani, swali lake la kwanza huwa bei, la pili ukubwa. Mimi humrudishia langu: minyanya yako inakufa na nini? Kama hajui, namwambia hela azishike kwanza.

Vitalu nyumba vilianzia Ulaya penye baridi, kazi yake ikiwa kutunza joto. Sisi wa Dar, Tanga na Mombasa joto tunalo la kugawa. Tunachotaka ni mwavuli wa mvua na chandarua cha wadudu, basi. Njombe, Lushoto au Limuru, ambako usiku unauma, karatasi ya pembeni ya kushushwa jioni na kukunjwa asubuhi ina faida yake. Pwani ni kujichongea. Nasema hivyo kwa sababu nilijichongea: nilijenga banda la mita 2 kwenda juu, nikalivika nailoni mpaka chini kama hema. Saa 7 mchana kipimajoto kilisoma nyuzi 43. Maua yalitoka mengi tu, yakadondoka yote, maana joto likishapita kama nyuzi 35 chavua ya nyanya huharibika. Msimu ule nilivuna majani.

Kwa hiyo pwani tazama kimo kabla ya upana. Ukuta usipungue mita 2 na nusu, paa lipande zaidi ya hapo, na kileleni uachwe mwanya wenye neti, kwani hewa ya moto hupanda na lazima ipate pa kutokea. Kuta zote ziwe neti. Karatasi ya paa iwe ya mikroni 200 yenye kinga ya jua. Hiyo hukaa miaka mitatu au zaidi kidogo. Nailoni ya kawaida hukauka na kuchanika kabla hujala nyanya za pili, na huanzia pale inapogusa bomba la chuma, kwa kuwa chuma kikipigwa na jua huiunguza. Pakeni bomba rangi nyeupe. Nguzo za mkaratusi ni nafuu, ila mchwa nao wanazipenda. Wapo wanaozipaka oili chafu. Mimi siitaki kwenye udongo wa chakula, bora nguzo isimame juu ya zege.

Kwenye neti ndiko watu hupigwa. Kantangaze, yule nondo aliyetoka Amerika Kusini na kutuvamia miaka ya 2013 na 2014, huzuilika kwa neti ya matundu ya wastani. Inzi weupe, wanaobeba virusi vya kukunja majani, ni wadogo zaidi. Neti inayowazuia ni nzito kiasi kwamba hata upepo hupita kwa taabu. Ukiichagua, ongeza kimo, la sivyo umejenga tanuri. Tena neti yoyote ni pambo kama mlango ni mmoja na mtoto ameuacha wazi akifuata ndoo. Weka milango miwili, kati yake nafasi ya mtu kusimama na ndoo yake, akafunga wa nyuma ndipo akafungua wa mbele.

Ukubwa sasa. Kwa familia, mita 3 kwa 6 zinatosha: miche kama 40 inayopandishwa kwenye kamba. Mche uliokomaa hunywa lita moja hadi moja na nusu kwa siku, yaani ndoo kubwa mbili au tatu kila siku, maana chini ya paa mvua haikusaidii. Ipige hesabu hiyo wiki ya mgao wa maji. Upepo nao umepungua ndani, na ndio uliokuwa ukitikisa maua yakajichavusha. Saa 4 asubuhi pita ukizigonga kamba kwa kidole.

Sasa lile swali langu. Mnyanya ukinyauka ghafla ukiwa bado kijani, kata shina lake karibu na ardhi, kipande cha urefu wa kidole. Kishikilie ndani ya glasi ya maji safi, kimening'inia, usikitikise. Ndani ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka kutoka penye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria. Unakaa udongoni miaka, hupiga pia biringanya, hoho na viazi mviringo, na hakuna paa linaloufukuza. Hapo fedha ya kitalu igeuze ndoo zilizotobolewa chini, uzijaze udongo safi uliotoka mbali na shamba hilo, uzisimamishe juu ya matofali. Kwenye tuta lenyewe panda sukuma wiki.