Waya laini wa kusikiliza ubongo

KENYATTA Market jijini Nairobi ina sifa mbili, nyama choma na kusuka nywele. Hujashuka vizuri kwenye matatu, akina dada wamekwisha kukushika mkono wakikuonyesha picha za mitindo. Mwendo mfupi kutoka hapo iko Hospitali Kuu ya Kenyatta, na hapo ndipo kazi mbili za kichwa hugongana. Anayekwenda kupimwa umeme wa ubongo, iwe hapo au katika kliniki za Upper Hill na Parklands, hutakiwa kufika na nywele safi, hazina mafuta, na ikiwezekana zimefumuliwa. Rasta za nusu siku zinaondoka hivyo.

Sababu ni kwamba umeme huo ni mdogo mno. Hupimwa kwa sehemu za milioni za volti moja, nao hulazimika kupita kwenye mfupa na ngozi kabla ya kufika kwa vinasa ishirini na kitu vinavyobandikwa kichwani. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, ndiye aliyeunasa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1924. Kipimo chenyewe kinaitwa EEG, nacho hakiumi hata kidogo.

Shida kubwa ni muda. EEG ya kawaida huchukua kama nusu saa, tena mchana. Kifafa nacho hakipigi hodi. Mfikirie kijana wa Kawangware anayeanguka mara mbili kwa mwezi, usiku wa manane. Atalala pale kitandani nusu saa, mashine ichore mistari yake, na karatasi itoke haina doa. Kati ya watu wenye kifafa kweli, takriban nusu hawaonyeshi kitu katika kipimo cha kwanza. Daktari anajua kwamba karatasi safi haimaanishi hakuna ugonjwa. Jirani hajui. Atasema kijana anajifanya, au amerogwa, na hapo safari ya kwa mganga huanza.

Ndiyo maana wataalamu wanatafuta vinasa vya kukaa mwilini miezi na miaka, karibu na ubongo wenyewe.

Kufungua fuvu si jambo geni kwetu. Mafundi wa jadi wa Abagusii waliwakwangua mfupa wa kichwa watu walioteswa na maumivu baada ya kuumia, na madaktari walioiandika kazi yao miaka ya 1950 na 1960 walisifu jinsi walivyojihadhari wasipasue utando ulio chini ya mfupa. Upande wa hospitali, Gerishom Sande, Mkenya wa kwanza kuwa bingwa wa upasuaji wa ubongo, alirudi kutoka Belfast miaka ya 1970. Kinachosumbua, basi, ni kile kinachoachwa ndani.

JELI KWENYE MATATU

Ubongo hai ni laini kama jeli, tena hautulii. Kila pigo la moyo na kila pumzi huutikisa. Silikoni inayotumiwa kutengeneza sindano za kunasa umeme ni ngumu kuushinda kwa zaidi ya mara milioni moja. Chukua bakuli la jeli, chomeka sindano, kisha upande nalo matatu kutoka Kangemi hadi katikati ya jiji. Ukishuka, tazama tundu limekuwa kubwa kiasi gani. Ubongo hujitetea kwa kuizungushia sindano kovu, na kadiri kovu linavyonenepa ndivyo ishara zinavyofifia. Mwaka 2004 Matthew Nagle, Mmarekani aliyepooza, aliwekewa kibamba cha sindano karibu 100 akaweza kusogeza kishale cha kompyuta kwa mawazo tu. Ilikuwa ajabu kubwa, lakini vibamba vya namna hiyo huelekea kupoteza nguvu ya kunasa kadiri miaka inavyopita.

Dawa ya ugumu ni ulaini, nao una karaha zake. Uzi usio na sindano haupenyi kwenye jeli, hukunjika. Wengine huupaka sukari ukakauka kama kijiti, kisha sukari ikayeyukia ndani. Kampuni ya Neuralink hutumia roboti yenye sindano. Januari 2024 ilimwekea mtu wa kwanza nyuzi 64 nyembamba kuliko unywele, na wiki chache baadaye baadhi zikawa zimechomoka. Isitoshe, plastiki nyembamba hupitisha unyevu, na majimaji ya mwili yana chumvi. Mtu wa Mombasa hahitaji kuelezwa chumvi inavyofanya bati.

Kuna walioamua kutougusa ubongo. Huko Melbourne, mwaka 2019, wavu mdogo wa waya ulipitishwa kwenye mshipa wa shingo hadi ndani ya mshipa ulio kando ya ubongo, fuvu halikukatwa. Kwa maoni yangu, kinachomfaa zaidi kijana wetu wa Kawangware ni kazi ya kampuni ya Denmark, UNEEG. Uzi mwembamba huwekwa chini ya ngozi nyuma ya sikio kwa ganzi ya hapo tu, mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Husikia upande mmoja pekee, hilo ni kweli, lakini husikia usiku na mchana, wiki baada ya wiki.

NANI ATAKITUNZA?

Kuna kisa kingine cha Melbourne ambacho kila mzazi angepaswa kukijua. Watu 15 wenye kifafa waliwekewa vinasa juu ya ubongo, na taa ikawaonya kabla ya kuanguka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Mwanamke mmoja alipata uhuru ambao hakuwahi kuujua. Kisha kampuni ikaishiwa fedha. Yeye na mumewe walikuwa tayari kuiweka nyumba rehani ili abaki na kifaa. Kilitolewa.

Kwa hiyo siku daktari wa Upper Hill atakapokuonyesha kifaa cha aina hii, muulize betri itabadilishwa na nani, na kampuni ikifilisika itakuwaje. Muulize pia rekodi zitahifadhiwa wapi, kwa kuwa Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihusu habari za afya.

Kwa sasa, chombo kinachoweza kumsaidia daktari kimo mfukoni mwako. Mgonjwa akianguka, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na mtu wa pili achukue video kwa simu. Andika saa na muda uliopita. Picha ianze mapema iwezekanavyo, ionyeshe uso na mikono yote miwili, na blanketi liondolewe, maana daktari atataka kuona ni upande gani ulioanza kutetemeka.